Troy, Iphigenia, Odysseus: filamu ipi inakaribia ukweli, na uanze na ipi

Mtu akimaliza kutazama Troy ya mwaka 2004, swali huwa lilelile: hivi mambo haya yalitokea kweli? Nimeulizwa na wanafunzi wa fasihi, nimeulizwa na wapwa zangu, na hata fundi aliyekuja kutengeneza king'amuzi akakuta filamu inaendelea aliniuliza huku amesimama na bisibisi mkononi. Nami kabla ya kujibu huuliza: kweli ipi unayoitafuta? Katika hadithi hizi za Wagiriki wa kale kweli ziko tatu, na filamu inayopatia moja yaweza kuikosa nyingine kabisa.

Ipo kweli ya maandishi, yaani yale yaliyomo ndani ya Iliad na Odyssey za Homer, tenzi zilizokomaa kama karne ya 8 KK, pamoja na michezo ya kuigiza ya Athens ya karne ya 5 KK. Ipo kweli ya udongo: kile kilichofukuliwa Mycenae na Pylos, miji ya kale ya Ugiriki, na kwenye kilima cha Hisarlik huko kaskazini magharibi mwa Uturuki, ambako Heinrich Schliemann alianza kuchimba miaka ya 1870 akiisaka Troy. Ya tatu mimi huiita kweli ya madeni. Visasili vya Kigiriki ni hadithi za damu inayodai damu. Kila tendo lina mdai wake, na mdai haachi kuja, hata ikipita miaka kumi au kizazi kizima. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipa uzito zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Sisi tuliolelewa na Fumo Liyongo hatupaswi kupata shida hapa. Wataalamu wamebishana miaka mingi Liyongo aliishi karne gani, lakini hakuna anayemsimulia Liyongo akaiacha sindano ya shaba. Ukiiondoa sindano, ukamwondoa mtoto aliyemchoma babake kitovuni akiwa usingizini, na ukamwondoa shujaa aliyepiga goti kisimani na upinde wake hadi watu wakaogopa kumsogelea maiti, umebaki na jina tupu. Unaweza kumvisha kanzu ya karne isiyo yake, hadithi ikasimama. Ukimnyima usaliti wa mwanawe, imekufa.

Homer naye alichanganya nyakati. Anamvisha Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, kofia ya vita iliyoshonewa meno ya nguruwe mwitu, na kofia za namna hiyo zimepatikana kwenye makaburi yaliyomtangulia yeye kwa karne nyingi. Hapo kumbukumbu yake inashangaza kwa usahihi. Lakini mashujaa wake wanachomwa moto juu ya kuni, ilhali wakubwa wa Mycenae walizikwa ardhini makaburini. Kwa hiyo mwongozaji anayedai kwamba ameufuata utenzi na pia ameifuata historia ana kazi ya kutueleza pale viwili hivyo vinapoachana alifuata kipi.

Troy (2004) na Troy: Fall of a City (2018)

Hizi mbili zinasimulia vita vilevile, vya Wagiriki kuuzingira mji wa Troy baada ya Paris, mwana wa mfalme wa Troy, kumchukua Helen, mke wa Menelaus mfalme wa Sparta, na ndizo zinazopatikana kwa urahisi, kwa hiyo ndizo watu wengi wanazochagulia. Ya kwanza ni filamu ya Wolfgang Petersen, ndefu kama saa mbili na dakika arobaini, Brad Pitt akiwa Achilles, shujaa wa Wagiriki, na Eric Bana akiwa Hector, kaka yake Paris na shujaa wa Troy. Ya pili ni tamthilia ya televisheni ya vipindi 8 iliyorushwa na BBC kisha Netflix, na ilipigwa Afrika Kusini, karibu na Cape Town.

Niseme wazi kwamba kwa macho Troy ya 2004 inashinda. Merikebu zinafunika bahari, na Homer mwenyewe ukizijumlisha kwenye kitabu cha pili cha Iliad anakupa merikebu 1,186. Pambano la Hector na Achilles mbele ya lango nimelitazama mara nyingi na bado mikono hunitoka jasho. Yapo makosa ya udongo ambayo watu hupenda kuyacheka: wafu wanawekewa sarafu machoni, wakati sarafu zilikuja kutengenezwa karne kadhaa baadaye huko Lydia, na sanamu nyingi ni za mtindo wa Wagiriki wa miaka mingi mbele. Makosa haya hayanisumbui. Hata Schliemann alipochimba Hisarlik aliifukua dhahabu akaiita hazina ya Priam, mfalme wa Troy katika utenzi, kumbe ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya vita hivyo.

Kinachonisumbua ni vifo. Katika filamu hii Menelaus anauawa na Hector mwanzoni kabisa mwa vita. Katika Odyssey, Menelaus yuko hai Sparta, amekaa na Helen wake nyumbani, wanampokea kijana Telemachus, mwana wa Odysseus, na kumsimulia habari za vita. Utamu na uchungu wa ukurasa ule uko hapohapo: watu wote waliokufa, na wale wawili waliosababisha wamezeeka pamoja sebuleni. Agamemnon, kaka yake Menelaus na mkuu wa jeshi la Wagiriki, naye anachomwa kisu na Briseis, mwanamke aliyekuwa mateka wa Achilles, ndani ya Troy inayoungua. Watazamaji hushangilia, maana ni mtu mbaya amepata alichostahili. Lakini Agamemnon wa Wagiriki alirudi nyumbani na ushindi wake, na mkewe Clytemnestra akamuua kwa sababu ya binti yao Iphigenia aliyetolewa kafara ili merikebu zipate upepo wa kwenda Troy. Filamu haimtaji binti huyo hata kwa jina. Deni limefutwa, na mdaiwa akauawa na mtu ambaye hakuwa anamdai hilo. Tangu hapo hakuna tena Orestes, hakuna Electra, watoto waliomlipizia baba yao, na mchezo wa Aeschylus wa mwaka 458 KK hauna pa kusimama.

Halafu miungu. Watengenezaji waliiondoa, wakabakiza Thetis, mungu wa bahari na mama yake Achilles, akiokota kome kwenye maji mafupi. Wengi huitetea hatua hii kwa kusema inaileta hadithi karibu na historia. Nadhani ni kinyume chake. Mwaka 1952 Michael Ventris aliweza kuyasoma maandishi ya vibao vya udongo vya zama zile, na vibao vya Pylos vina orodha za sadaka za Poseidon, mungu wa bahari: ngano, divai, jibini, asali. Watu wa zama za shaba waliishi na miungu yao mpaka kwenye vitabu vya ghala. Ukiwaonyesha wanajeshi wa mwaka 1200 KK wanaoiona miungu kama porojo, umewapa akili ya mtu wa leo. Athari zake kwenye hadithi ni kubwa kuliko zinavyoonekana. Katika Iliad, Hector anapomwona Achilles anakimbia. Anauzunguka ukuta mara tatu, baba na mama yake wakitazama kutoka juu, hadi mungu Athena anamdanganya kwa kujigeuza ndugu yake Deiphobus. Anasimama akidhani wako wawili. Anapogeuka kuomba mkuki mwingine, ndugu hayupo, na hapo ndipo anapojua kwamba amekwisha. Filamu imeubadilisha uchungu huo kuwa pambano la haki la wanaume wawili jasiri. Pambano ni zuri, na uchungu umepotea.

Lakini kuna mahali Troy ya 2004 inatulia, na pale sina la kulalamikia. Ni usiku ambao Priam anaingia kambi ya adui kwenda kuomba maiti ya mwanawe Hector. Peter O'Toole anapiga magoti, anaibusu mikono ya Achilles, na anasema ameubeba mzigo ambao hakuna binadamu aliyewahi kuubeba, kuibusu mikono ya mtu aliyemuua mtoto wake. Maneno hayo yanatoka karibu moja kwa moja katika kitabu cha 24 cha Iliad. Kwa Homer ni mungu Hermes anayemwongoza mzee kupita walinzi. Kwenye filamu Priam anasema tu kwamba anaijua nchi yake kuliko Wagiriki. Hata zile siku za kusitisha vita ili Hector azikwe zimebaki, 11 kwa Homer na 12 kwenye filamu. Ukiniambia una dakika kumi tu za kumwonyesha mtu Homer ni nani, nitakuambia mwonyeshe hizo.

Na jambo la pili la kuisifu: kifo cha Achilles. Kisigino chake hakimo ndani ya Iliad, na anayetusimulia mama akimchovya mtoto katika maji ya Styx, mto wa kuzimu, ni mshairi wa Kirumi Statius, karne ya 1 BK. Kwenye filamu Paris anampiga mshale wa kisigino, kisha mingine ya kifua. Achilles anaing'oa ile ya kifuani mmoja baada ya mwingine, anaanguka, na askari wanaofika wanamkuta na mshale mmoja tu, wa kisigino. Mwongozaji anatuonyesha jinsi watu walioona tukio nusu wanavyoweza kuzaa simulizi itakayodumu miaka elfu tatu. Nakubali kwamba kwa mapokeo Achilles alikufa kabla ya kujengwa farasi wa mbao ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili kuingia mjini, naye hapa amekufia ndani ya mji. Hata hivyo aliyefikiria tukio lile aliifikiria hadithi kwa heshima.

Sasa hamia ile ya 2018. Miungu imerudi, inatembea miongoni mwa watu, na Paris anawekwa mbele ya wale miungu watatu wa kike achague aliye mzuri zaidi. Iphigenia yupo na kafara yake inaonyeshwa, kwa hiyo unaelewa Agamemnon amebeba nini moyoni. Paris analelewa na wachungaji kabla ya kugundua kwamba ni mtoto wa mfalme, jambo ambalo filamu ya Petersen imeliruka. Vipindi vinane vinatoa nafasi kwa vita kuchosha, na vita vya miaka kumi vinapaswa kuchosha. Kwenye ile ya 2004 vinamalizika kwa wiki chache tu.

Udhaifu wake ni kwamba mazungumzo mengi ni mepesi, na mapenzi ya Helen na Paris yamepewa muda ambao ningependa wapewe Hector na mkewe Andromache. Kulikuwa pia na kelele kuhusu rangi, kwa sababu Achilles anaigizwa na David Gyasi na Zeus na Hakeem Kae-Kazim, waigizaji weusi. Homer anasema nywele za Achilles zilikuwa za rangi ya manjano, kwa hiyo aliyeng'ang'ania maandishi ana hoja yake. Lakini wengi waliopiga kelele walizungumza kana kwamba Afrika haimo kabisa katika hadithi hizi. Imo. Kitabu cha kwanza cha Iliad kinasema Zeus amekwenda karamuni kwa Waethiopia wasio na lawama. Odyssey inaanza na Poseidon akiwa kwa Waethiopia haohao. Na baada ya Hector kufa, aliyekuja kuipigania Troy ni Memnon, mfalme wa Waethiopia, mwana wa Alfajiri, akauawa na Achilles baada ya pambano kubwa. Filamu ya 2004 haina Memnon, na hilo sikumsikia mtu akililalamikia.

Basi kati ya hizi mbili: kwa kuelewa mkufu wa mambo, nani alianza na nani alilipa, chukua ya 2018. Kwa jioni moja ya sinema kubwa pamoja na lile tukio la Priam, chukua ya 2004, ukijua kwamba ulichokiona kuhusu Menelaus, Agamemnon na Briseis si Homer. Briseis wa Homer si kuhani wala si binamu ya Hector. Ni mjane kutoka Lyrnessus ambaye Achilles mwenyewe alimuua mumewe. Zote mbili zina damu na utupu, usiwawekee watoto.

Iphigenia (1977)

Hii naiweka peke yake kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwongozaji ni Michael Cacoyannis, mzaliwa wa Limassol, Cyprus, na chanzo chake ni mchezo wa Euripides ulioonyeshwa Athens mwaka 405 KK, baada ya mtunzi kufa. Ilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Inazungumza Kigiriki, utahitaji maandishi ya tafsiri chini ya skrini.

Inaanza na joto. Jeshi limekwama ufukweni Aulis, merikebu hazisogei, upepo hakuna, wanaume wamelala mchangani nusu uchi na njaa. Hakuna kuta kubwa wala umati wa kutengenezwa na kompyuta. Mavazi ni ya kawaida kabisa, mengine ungedhani ni shuka tu. Mtaalamu wa makumbusho atakosa mengi ya kushangilia. Kisha kuhani Calchas anasema mungu Artemis anadai binti wa Agamemnon, ndipo upepo utoke. Baba anaandika barua nyumbani: mleteni Iphigenia, Achilles anataka kumwoa.

Msafara wa harusi unafika kwa nyimbo. Sijui tukio zito kuliko hilo katika filamu za namna hii. Mama, yaani Clytemnestra, anayeigizwa na Irene Papas, anashuka garini akiwa na fahari ya mama wa bibi harusi, anauliza habari za mkwe, habari za siku ya ndoa. Binti anamkimbilia baba yake na kumkumbatia, na baba hawezi kumtazama. Kila swali la kawaida la nyumbani, la jinsi sherehe itakavyokuwa, linamkata yule mtu kama wembe. Mtazamaji anayejua anatamani kuingia ndani ya skrini awarudishe.

Kwa kweli ya maandishi, Cacoyannis amebadilisha jambo moja kubwa. Mchezo kama ulivyotufikia una mjumbe anayekuja kusema kwamba wakati kisu kinashuka binti alitoweka na paa akakutwa amelala pale, mungu amemwokoa. Wataalamu wengi wanashuku kwamba mwisho huo haukuandikwa na Euripides mwenyewe. Filamu imeuacha. Binti anapanda ngazi kuelekea moshi wa madhabahu, upepo unaanza kuvuma, baba anakimbia kumfuata, na sisi tunauona uso wa baba tu. Baadaye merikebu zinaondoka na Clytemnestra anazitazama, nywele zikipeperushwa na upepo uleule ulionunuliwa kwa mwanawe. Hakuna anayesema kwamba miaka kumi mbele mume huyu atauawa. Yale macho yameshasema.

Kwa hiyo filamu iliyouacha mwisho wa maandishi na isiyojali sana akiolojia ndiyo iliyoishika kweli ya madeni kuliko zote. Ukitaka kuendelea, mwongozaji huyohuyo ana Electra ya 1962, inayosimulia watoto wa Agamemnon wakilipiza, na The Trojan Women ya 1971, iliyopigwa Uhispania wakati Ugiriki iko chini ya utawala wa kijeshi. Hiyo ya mwisho ina Katharine Hepburn kama Hecuba, mke wa Priam, na inawaonyesha wanawake wa Troy baada ya vita, wakigawanywa kama mateka. Euripides aliuonyesha mchezo huo mwaka 415 KK, muda mfupi baada ya jeshi la Athens kuua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Mama wa Athens hakuhitaji kuambiwa mchezo unamhusu nani.

Odysseus mara tatu

Safari ya Odysseus ya kurudi kwao Ithaca baada ya vita ina matoleo mengi, nami nitayalinganisha matatu.

L'Odissea ya mwaka 1968, ya televisheni ya Italia, iliongozwa na Franco Rossi, Bekim Fehmiu akiwa Odysseus. Ina vipindi 8 na ndiyo iliyoufuata utenzi kwa subira kuliko nyingine ninazozijua. Inaanzia Ithaca kwa Telemachus, nyumba imejaa wanaume wanaokula mali ya baba yake. Ndivyo Homer alivyoanza: Odysseus mwenyewe hatumwoni hadi kitabu cha tano. Penelope, mke wa Odysseus, ni Irene Papas tena. Mwanamke huyu alikuwa Antigone mwaka 1961, Electra 1962, Penelope 1968, Helen kwenye The Trojan Women, Clytemnestra 1977, na mwaka 1997 akawa mama yake Odysseus. Ukifuata uso wake peke yake, kutoka filamu hadi filamu, umepata nusu ya visasili vya Kigiriki.

The Odyssey ya 1997, ya Andrei Konchalovsky, ni ndefu kama saa tatu hivi, Armand Assante akiwa Odysseus. Hapa wamo Polyphemus mwenye jicho moja, Circe, safari ya kuzimu, Calypso, na Athena wa Isabella Rossellini anayetokea na kutabasamu. Masimulizi yamenyooshwa kuanzia kuondoka kwake nyumbani, tofauti na Homer ambaye anamwacha Odysseus asimulie maajabu yake mwenyewe mezani kwa Wafeasia, watu wa kisiwa waliompokea. Tofauti hii si ndogo. Kwa Homer, Polyphemus na Circe tunawajua kwa mdomo wa mtu anayesifiwa kwa uongo wake mzuri, tena anasimulia kwa wenyeji ambao anategemea wampe merikebu ya kurudia nyumbani. Filamu ikituonyesha moja kwa moja, shaka hiyo imeondoka. Lakini kwa familia, au kwa mwanafunzi anayetaka kujua nini kilitokea wapi kabla hajafungua kitabu, hii inafaa sana.

The Return ya 2024, ya Uberto Pasolini, imefanya kinyume. Miungu hakuna, mazimwi hakuna. Ralph Fiennes anatupwa ufukweni Ithaca uchi, mwili umejaa makovu, na sehemu kubwa ya filamu hasemi zaidi ya lazima. Utenzi unasema Wafeasia walimleta amelala na zawadi tele, wakamlaza mchangani. Uchi wake ulikuwa kisiwani kwao, Scheria, alipokutwa na binti Nausicaa. Tangu zamani watu wamekitambua kisiwa cha Corfu kuwa ndicho Scheria, na filamu hii sehemu yake imepigwa Corfu. Kwa hiyo Fiennes anatoka majini uchi pale ambapo mapokeo yanasema Odysseus alitoka majini uchi, ila filamu imepaita Ithaca.

Nimesema kuiondoa miungu kwenye Troy ilikuwa kosa. Mbona The Return naisamehe? Kwa sababu hapa pengo limejazwa. Homer anasema Athena alimgusa Odysseus kwa fimbo, ngozi ikakunjamana, akawa ombaomba mzee asiyetambulika. Pasolini anasema miaka ishirini imefanya kazi hiyo, kumi ya vita na kumi ya kupotea. Na Odysseus huyu anaogopa kutambuliwa kwa sababu aliondoka na vijana wa kisiwa na amerudi peke yake. Kila mama anayepita njiani ana haki ya kumuuliza, mwanangu yuko wapi? Utenzi unalijua deni hilo. Katika kitabu cha mwisho jamaa za waliokufa wanabeba silaha kumdai, na ni Athena anayewazuia. Filamu imelichukua deni hilo kutoka ukurasa wa mwisho ikalitandaza mwanzo hadi mwisho.

Mbwa Argos yupo. Amelala, mzee, anamtambua bwana wake kabla ya binadamu yeyote, kisha anakufa. Kovu la mguuni ambalo yaya Eurycleia analigusa lipo. Upinde upo, na mashoka 12 ya kupitishia mshale. Tazama Fiennes anavyouchukua ule upinde: anaugeuza, anaupapasa kama mtu anayekagua chombo chake cha kazi alichokiazimisha zamani. Homer anamfananisha pale na mwanamuziki anayekaza uzi wa kinubi chake, na uzi ulipopigwa ukalia kama mbayuwayu. Filamu haisemi hayo kwa maneno, lakini mikono ya mwigizaji inayajua.

Nikilinganisha hizi tatu kwa mwanafunzi wa fasihi, namwelekeza L'Odissea akiwa na muda na asiyeogopa Kiitaliano. Kwa mtu mzima aliyewahi kuondoka nyumbani muda mrefu, kwa masomo au kwa kazi za nje, The Return. Ana mambo yake mle ndani. Kwa watoto wa shule, ile ya 1997, ingawa kuna sehemu za kutisha.

Watoto wadogo, na kisigino kingine

Kwa watoto wenye umri wa kuanzia miaka minane hivi kuna Jason and the Argonauts ya 1963, yenye sanamu zilizosogezwa kwa mkono picha moja baada ya nyingine na Ray Harryhausen. Tukio la mifupa saba inayopigana lilimchukua zaidi ya miezi minne kwa dakika chache tu za filamu. Kwa udongo, haijali lolote: sehemu ya mzee Phineus imepigwa kwenye mahekalu ya Paestum, Italia, yaliyojengwa karne nyingi baada ya kizazi cha Jason.

Jitu la shaba, Talos, linaanguka pale Jason anapofungua kizibo kisiginoni na damu yake kumwagika. Apollonius wa Rhodes, aliyeandika utenzi huo karne ya 3 KK, anakubali kuhusu mguu, lakini kwake aliyeliangusha jitu hilo ni Medea, mwanamke mchawi aliyemfuata Jason, kwa uchawi wake, wakati wa kurudi. Filamu imempa Jason sifa ya Medea, kisha ikaisha kabla hawajafika nyumbani, kabla Jason hajamwacha na kabla mwanamke yule hajalipiza kwa watoto wake mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka minane ni sawa kabisa. Akifika kidato cha tano mpe Medea ya Euripides, aone mwanamke aliyenyang'anywa Talos alikuwa nani.

Mpangilio wangu

Kwa anayeanza bila kujua chochote, napendekeza Iphigenia kwanza, ingawa ni ya zamani na ya lugha ngeni, kwa sababu pale ndipo vita vinapoanza na ndipo bei yake inapotajwa. Baada ya hapo Troy: Fall of a City, vipindi viwili viwili kwa usiku. Kutoka Troy ya 2004 tazama angalau tukio la hema la Achilles, ukiwa na kitabu cha 24 cha Iliad pembeni. Halafu The Trojan Women siku ambayo moyo umetulia, maana Astyanax, mtoto mdogo wa Hector, anatupwa kutoka ukutani na hakuna anayekuja kumwokoa. The Return iwe ya mwisho.

Na ukijaliwa kufika Uturuki, farasi wa mbao aliyetumika kwenye filamu ya 2004 amesimama ufukweni mwa mji wa Çanakkale, mweusi, mkubwa, watu wanapiga naye picha. Usiishie hapo. Panda basi uende Hisarlik. Kuta zimeinama kidogo kwa ndani kadiri zinavyopanda juu, mawe yamekatwa kwa uangalifu, na kutoka pale unaiona tambarare ambako bahari ilikuwa karibu zaidi zamani. Nenda mpaka kwenye ukuta wa mashariki, weka mkono juu ya jiwe.